Seva Isiyozidi Kimo cha Mkuu

Nchi yetu haimo kwenye ramani, na sisi wananchi tumekubaliana kwamba hilo ni kosa la ramani. Ipo, ina bendera, ina mvua zinazokuja zikijisikia, na ina Mkuu Asiyelala, ambaye vyeo vyake vikianza kusomwa kwenye taarifa ya habari, habari zenyewe husubiri kesho yake. Anaitwa Asiyelala kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona amelala akabaki na kazi.

Mnisamehe, siwezi kukaa kitini ninapoyasimulia haya. Nikikaa, mguu unacheza wenyewe. Nikisimama, nakwenda dirishani, na dirishani hakuna kitu. Mize, mke wangu, husema nimekuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Lakini yeye ndiye chanzo. Figo zake ziligoma, na mtu ambaye figo zimegoma lazima damu yake isafishwe kwa mashine siku zake zikifika, bila kuruka. Hospitali yetu ya Rufaa ina mashine hizo chache na wagonjwa wengi, na aliyekuwa akiamua nani aingie leo ni kompyuta moja kuukuu juu ya meza ya muuguzi, iliyopepewa na feni mbovu kama mgonjwa mwenzao. Ndiyo iliyotunza foleni. Ikizima, na ilishaanza tabia ya kuzima, foleni hurudi kwenye utaratibu wa asili, yaani mwenye sauti na mwenye shemeji mkubwa ndio wa kwanza. Mize sauti alikuwa nayo, ila pumzi zilikuwa zimepungua, na shemeji zake wote wanauza mitumba.

Kwa hiyo lilipotoka tangazo kwamba serikali itanunua seva moja kubwa, na kompyuta zote za serikali pamoja na ile ya hospitali zitahamia ndani yake, nilifurahi kuliko mtu yeyote nchini. Nilipoteuliwa kuwa karani wa Tume ya kuichagua, nilichinja jogoo.

*

Mwenyekiti wa Tume alikuwa Mheshimiwa Shomvi Mkwezi, Waziri wa Mashine na Mambo Yasiyoonekana. Kushoto kwake aliketi Kanali wa Usalama, ambaye jina lake ni siri ya taifa hata kwake mwenyewe. Kulia aliketi Mhandisi Sikudhani Mbaruku, mtu pekee kati yetu aliyewahi kufungua kompyuta kwa nia ya kuitengeneza. Sikudhani ni mwanamke wa haraka. Huanza kujibu kabla swali halijaisha, na akichoka kusikiliza hugonga meza kwa kalamu hadi msemaji apotee njia.

Alituambia seva ni nyumba moja yenye wapangaji wengi. Wapangaji hao ni kompyuta pepe, yaani kompyuta zisizo na mwili, na kila mmoja anaamini nyumba nzima ni yake. Mheshimiwa Waziri akauliza nani atakaa ghorofa ya juu. Sikudhani akasema hakuna ghorofa. Waziri akaahirisha kikao ili ghorofa itafutwe.

Kikao kilipoendelea tulianza na lililo muhimu, ambalo ni kimo. Kwa sheria yetu hakuna kitu cha serikali kinachozidi urefu wa Mkuu, ndiyo maana sanamu zetu zote zimekaa na milingoti ya bendera imesimamishwa mashimoni. Tatizo ni kwamba urefu wa Mkuu nao ni siri. Kanali akaja na kamba iliyokatwa sawasawa na kimo, akailaza mezani chini ya kitambaa, na sote tukapima picha za seva bila kuitazama. Mhandisi alisema kimo hakimsumbui. Yeye alitaka kumbukumbu, maana ndiyo nafasi ambayo wapangaji hufanyia kazi.

"Na iwe kumbukumbu inayojisahihisha," alisema.

Alieleza kwamba kumbukumbu ya kawaida huteleza mara mojamoja, herufi ikageuka bila mtu kujua, bali hii hugundua kosa lake na kulirekebisha kabla halijamdhuru mtu. Kanali aliuliza inajisahihisha kwa amri ya nani. Sikudhani akajibu kwamba haingoji amri. Kanali akataka kujua kama inaweza kusahihisha na mambo ya miaka ya nyuma, kwa mfano matokeo ya uchaguzi. Baada ya mjadala mrefu Tume iliamua kwamba dola haina makosa, na kununua kifaa cha kuyasahihisha kungekuwa kukiri.

Mhandisi hakukata tamaa. Aliomba seva iwe na vifaa viwili vya kuingizia umeme, ili kimoja kikifa, kingine kishike nafasi yake papo hapo. Waziri aliinuka, akafunga dirisha, akarudi taratibu.

"Mama," alimwambia, "neno hilo usilirudie. Katika nchi hii hakuna anayengoja mwenzake afe ili ashike nafasi."

Likaja suala la diski. Sikudhani alizitaka ziende mbilimbili, kila moja iandike kile kile kinachoandikwa na mwenzake, ili hii ikiharibika ile iwe shahidi. Kanali alisema shahidi mmoja anatosha, na hata huyo mmoja atazungumza naye kwanza.

Tulichokubaliana bila ubishi ni taa. Wakala wa wauzaji alikuwa ameleta picha ya seva yenye taa za buluu zinazomwekamweka, na Waziri akasema zikiwa na rangi za taifa, mwananchi ataona kwa macho yake kwamba serikali inafanya kazi. Fedha za kumbukumbu inayojisahihisha zikanunua taa. Mimi niliandika yote kwenye muhtasari, mguu ukicheza chini ya meza, nikimwaza mke wangu.

Jioni Mize aliniuliza kama seva hiyo ina nguvu. Nikamwambia ina taa.

"Nimekuuliza nguvu, Baba Riziki."

Nikaenda dirishani.

*

Seva ililetwa kwa lori lililopambwa kwa khanga, matarumbeta mbele, Waziri akitembea kinyumenyume ili asiipe mgongo. Ilimfikia Mkuu kwenye nyusi. Watu walishangilia usahihi huo hadi wengine wakazirai.

Ikabaki kugawa kumbukumbu. Sikudhani alitaka kila mpangaji apewe kwa kadiri ya kazi yake. Foleni ya hospitali, alisema, inahitaji kidogo sana, lakini hicho kidogo kisikosekane hata dakika. Waziri akamkumbusha kwamba serikalini mtu hupata kwa kadiri ya kiti chake. Ikulu ikachukua nusu. Usalama nao wakachukua nusu. Nusu zikawa zimekwisha, na wizara zilikuwa bado zimepanga mstari mlangoni, kila moja na mfuko wake.

Hapo Mhandisi, kwa shingo upande, alitaja ujanja mmoja wa kazi yao. Seva inaweza kuwaahidi wapangaji nafasi kubwa kuliko iliyonayo, kwa kuwa si kawaida wote kuidai kwa pamoja. Huyu akiamka, yule amelala, na maisha yanaendelea.

Machozi yalimlengalenga Waziri. "Kumbe na ninyi mnao utaalamu huo?" alisema. "Sisi nchi tumeiendesha hivyo tangu uhuru."

Basi kila wizara ikaahidiwa nusu. Hospitali ikapewa kilichobaki baada ya nusu zote, na Waziri akawataka watoe shukrani kwa maandishi. Sikudhani aliweka sharti moja tu, kwamba wasiamke wote kwa wakati mmoja. Waziri alicheka sana. Alisema watumishi wake anawajua, na jambo hilo halijawahi kutokea.

Sasa, kwetu kuna desturi, na sidhani kama ni kwetu peke yetu. Jirani akikuletea mboga, bakuli lake halirudi tupu. Unatia chochote, hata kama ni chumvi. Na kama bakuli la jirani haliachwi tupu, je, la Mkuu? Ile nusu ya Ikulu ilikuwa wazi kabisa, maana Ikulu haikuwa na kazi ya kuifanyia zaidi ya barua moja ya pongezi. Waziri aliona aibu. Akaamuru ijazwe nyimbo za kumsifu Mkuu, zote tangu alipoanza kutolala, na ziwe macho muda wote. Sikudhani alisihi nyimbo zihifadhiwe kwenye diski, ambayo ndiyo ghala, ziitwe zikihitajika. Akajibiwa kwamba sifa za Mkuu hazingojeshwi ghalani kama mahindi. Zikajazwa pomoni.

*

Siku ya uzinduzi ilikuwa siku ya Mize kusafishwa damu. Asubuhi ile ile foleni ilihamishiwa kwenye seva, na kompyuta kuukuu ikatolewa nje ikatupwa, feni ikabaki ikipepea meza. Mke wangu alikwenda hospitali peke yake. Mimi nilikuwa ukumbini na kalamu yangu, roho juu, nikitazama mabalozi wakitazama taa.

Waziri alikuwa ameandaa jambo la kumfurahisha Mkuu. Alitoa amri kwamba Mkuu atakapobonyeza kitufe, ofisi zote za nchi nzima zifungue kompyuta zao kwa pamoja na kumsalimu. Sikudhani aliisikia habari hiyo jukwaani, dakika za mwisho. Nilimwona akimshika Waziri mkono wa koti.

"Ulisema hawajawahi."

"Hawajawahi," Waziri alijibu akitabasamu kwa kamera. "Leo wameamriwa."

Kitufe kikabonyezwa. Taa zikamwekamweka, nyimbo zikapanda, na nchi nzima ikaamka kwa mara ya kwanza katika historia yake. Kila wizara ikadai nusu yake. Nafasi ikaisha hapo hapo.

Seva ina sheria yake ya zamani, iliyotungwa na watu wa mbali wasiojua viti vyetu. Kumbukumbu ikiisha, haisubiri kikao. Inamtafuta aliyekula zaidi ya wote, inamzima yeye, wengine wapate kuishi. Ikatazama huku, ikatazama kule, ikaikuta Ikulu imejaa nyimbo hadi kooni. Ikaizima. Wimbo ulikatika katikati ya neno, na kwenye skrini kubwa, mbele ya mabalozi, yakatokea maneno haya: "Ikulu imezimwa ili wengine waendelee."

Hakuna aliyethubutu kupiga makofi, wala hakuna aliyethubutu kutopiga. Ukumbi ukawa umejaa watu wenye mikono nusu njia. Mkuu aliuliza kama hiyo ni sehemu ya sherehe, na Waziri akaapa kwamba ndiyo, ni sehemu ya sherehe. Bendi ikapiga kila kitu inachokijua, pamoja na nyimbo za harusi.

Simu yangu ikatikisika mfukoni. Alikuwa Mize. Alisema jina lake limetoka vizuri kabisa, saa yake ile ile, na sasa anaingia kwenye mashine. Katika nchi nzima saa ile, hicho ndicho kitu pekee kilichokuwa kinakwenda sawa. Nilifurahi, kisha nikaiogopa furaha yangu, nikatazama huku na huku kama kuna aliyeiona.

*

Kanali aliihoji seva. Alikaa mbele yake, akaimulika kwa taa, akaiuliza imetumwa na nani. Haikujibu, na hilo likaandikwa kuwa ni jeuri. Akamgeukia Sikudhani, amwambie ni nani aliyeifundisha kuwazima walioshiba. Sikudhani akasema hakuna mtu, ni hesabu tu. Kanali akaliandika jina hilo, akauliza kwao ni wapi.

Mwisho wa uchunguzi ikatoka sheria mpya. Kuanzia hapo, nafasi ikipungua, seva itazima kuanzia kiti cha chini kwenda juu, na Ikulu haitaguswa kabisa. Viti vikapangwa upya. Juu ilikaa Ikulu, chini yake Usalama, zikafuata wizara, kisha bustani ya tausi, kisha chemchemi ya maji ya mapambo. Foleni ya wagonjwa wa figo ilikuja baada ya chemchemi, na baada yake hapakuwa na kitu. Mhandisi aliamriwa kuiingiza sheria hiyo kwa mkono wake. Aliiingiza huku akigonga meza kwa kalamu, hadi kalamu ikavunjika.

Na nafasi ilipungua kila mara, maana baada ya tusi lile wananchi walihimizwa kutunga nyimbo mara dufu. Foleni ikaanza kuzimwa. Ilizimwa asubuhi moja, ikazimwa nyingine, na pale mlangoni pa chumba cha mashine watu wakarudi kwenye sauti na shemeji. Siku moja Mize alirudi nyumbani bila kusafishwa. Uso ulikuwa umevimba na viatu vilikuwa havimwingii. Alikaa kitandani, mimi nikawa nazunguka chumba kile ambacho hata cha kuzungukia hakitoshi. Nilikuwa na hofu, na sioni haya kusema hivyo.

"Kaa chini," alisema.

"Siwezi."

"Basi nisikilize huku ukizunguka. Humo kwenye seva yenu, kitu gani hakizimwi?"

Nikamwambia hakizimwi kitu cha Ikulu, yaani nyimbo za Mkuu.

"Basi na sisi tuimbe," alisema Mize, akajilaza.

Nilimkuta Sikudhani kwenye chumba cha seva akitafuna karanga na kuitazama kwa hasira. Nikampa wazo la mke wangu. Sikujua kama atanicheka au atamwita Kanali. Alimaliza kwanza karanga zake.

"Mimi sina mgonjwa huko, Bwana Mfaume," alisema. "Ila hasira ninayo."

Aliichukua foleni nzima kama ilivyokuwa, akaitia ndani ya tumbo la Ikulu, kompyuta pepe ndani ya kompyuta pepe. Alisema jambo hilo linafanyika, si uchawi. Akaipa jina la wimbo: "Majina Yetu Kwako, Mkuu." Tangu hapo iliweza kuzimika chemchemi, ikazimika hata Hazina, foleni ikawa inaita watu wake bila kukohoa. Mize akaanza tena kuvaa viatu.

*

Lakini mtu asiyelala hukosa cha kufanya. Mkuu alijizoesha kusikiliza nyimbo zake kwenye chai ya asubuhi, moja baada ya nyingine, zikisomwa na kompyuta kwa sauti ya mwanamke. Ikafika zamu ya wimbo wetu. Yakasomwa majina. Majina tu, taratibu, huyu kisha huyu, bila ngoma wala kibwagizo. Mkuu akaweka kikombe chini. Alisema nyimbo zote alizowahi kuimbiwa huishia na ombi, barabara au kisima au cheo cha mtu, na huu hauombi chochote. Akaagiza asomewe kila siku. Waziri alipewa nishani ya utunzi, akaipokea kwa unyenyekevu mkubwa.

Asubuhi moja Mkuu akainua kidole.

"Wimbo huu unafupika," alisema.

Waziri akasema haiwezekani.

"Kulikuwa na Mashavu Ngwali, akija baada ya Zamda. Yuko wapi?"

Kanali alitumwa kumtafuta Mashavu Ngwali, na Kanali ana sifa zake lakini kutafuta watu anajua. Kabla ya adhuhuri alikuwa amefika wodini. Mashavu alikuwa amefariki wiki ile, muuguzi akamfuta kwenye foleni kama inavyopasa. Kanali akaelewa kila kitu. Mimi nilifunga nguo zangu kwenye mkoba, nikamwambia Mize kwamba huenda nikachelewa kurudi. Sikudhani alikaa kwenye chumba cha seva akiwangoja, mlango wazi.

Hawakuja. Niliyajua baadaye yaliyowazuia. Kumweleza Mkuu kwamba wimbo wake ni foleni ya wagonjwa kungekuwa kumweleza kwamba kuna wagonjwa, na maradhi yalikuwa yamepigwa marufuku kwa amri yake mwenyewe. Waziri alimtazama Kanali, Kanali akamtazama Waziri, na nishani ikiwa kifuani. Wakarudi Ikulu wakasema mwimbaji alisahau ubeti. Mkuu akatoa amri nyingine, na amri hiyo ni sheria hadi leo: hakuna jina litakaloondolewa kwenye wimbo. Askari akawekwa mlangoni pa chumba cha mashine, kazi yake kuhakikisha kila jina linaitwa na kitanda chake hakilaliwi na asiyeitikia jina hilo.

Ndivyo nchi yetu ilivyokoma kuwa na marehemu. Siku yake ikifika Mashavu Ngwali huitwa, mlango ukafunguliwa, kitanda kikamngoja saa zake zote huku walio hai wamekaa kwenye benchi wakikitazama. Mashavu akafuatwa na wengine, vitanda vitupu vikaongezeka, na zamu ya Mize ikarudishwa nyuma, ikarudishwa tena. Nilidhani tumemuua kwa akili zetu wenyewe. Chakula kilinishinda.

Ikaja siku ambayo Mize alikuwa hawezi tena kungoja. Nilikuwa naye kwenye benchi, nikisimama na kukaa. Uso umevimba tena, pumzi fupi, na jina lake liko mbali. Spika ikaita, "Mashavu Ngwali." Mlango ukafunguliwa. Askari akatutazama sote, benchi zima, akingoja. Mke wangu akajishika kwenye bega langu akasimama.

"Nipo," alisema.

Muuguzi alimtazama, anamjua tangu zamani. Akatazama skrini. Akamtazama askari, ambaye alikuwa amesikia jina limeitwa na jina limeitikiwa, na kwake hesabu ilikuwa imetimia. Muuguzi akasogea, akampisha.

Sasa ndio utaratibu. Kila aliye kwenye benchi ana jina lake na jina la marehemu wake, na aliyezidiwa ndiye anayeitika. Hawagombani. Mkuu husikiliza wimbo wake kila asubuhi na kusema sasa uko sawa, hakuna aliyepungua. Waziri anatarajiwa kupata nishani nyingine.

Jana tulirudi kwa miguu, maana alikuwa na nguvu. Nilikuwa nimemtangulia hatua chache, nikarudi, nikamtangulia tena, akawa ananicheka. Akasema Mashavu alikuwa mtu mwema, hata maji ya kunywa alikuwa akiwagawia wenzake kwa kipimo, maana mwenye figo mbovu akizidisha hudhurika, na kwamba yeye Mize humshukuru kila anapoitikia jina lake. Kisha akanishika mkono ili nisimame.

"Baba Riziki, siku yangu ikifika, asije mtu akanifuta. Jina langu mwachieni aliye nyuma yangu."

Nilimwambia asiseme maneno hayo barabarani. Tukafika nyumbani, akanivutia kiti, akasema haya, sasa kaa. Bado nimesimama.